Betri Yangu na Vidole vya Ngoy

Kalumba aliporudi Kolwezi na mashine yake ya kupima jasho la vidole, Kampuni ya machimbo ilikuwa imekufa, shule zilikuwa zimefungwa, na majirani zetu wa Kasai, waliokuwa wanafukuzwa Katanga yetu, walikuwa wanalala stesheni wakingoja treni ya kuwapeleka kwenye nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Alisema huo ndio wakati mzuri kabisa wa kuchunguza kama watu wanaogopana. Mtu yeyote mwenye dirisha angeweza kumjibu siku hiyo hiyo. Lakini Kalumba alikuwa amesoma Ubelgiji miaka mingi, na huko, alinieleza, dirisha si ushahidi.

Alikuja kwangu kwa sababu ya betri. Mimi ni Kadija, mjane wa Hassani, ambaye watu wazima wa Kolwezi bado wanamkumbuka kwa lori lake la samaki. Wakati wa ule uporaji wa mwaka tisini na moja walichukua magurudumu ya lori, viti, hata kioo cha pembeni. Betri nilikuwa nimeiingiza chumbani, nikaifunika kitenge, nikaikalia. Askari aliyeingia aliona mwanamke mnene amekaa juu ya kitu kilichofunikwa, akafikiri ni ndoo, akaona aibu, akatoka. Tangu hapo betri ile ilikuwa na heshima yake mtaani. Umeme ulikuwa ukija unapojisikia, na mashine ya Kalumba haikuweza kumngoja mtu anayejisikia.

Nilimpa chumba cha nyuma ya duka, ambacho zamani kilijaa chumvi na vitenge na siku hizo kilijaa harufu yake tu. Mama yake Kalumba, wa Mutshatsha, alikuwa mtu wangu. Makaa yangu yote yalitoka kwake. Zaidi ya hapo, nakiri, nilitaka kuona. Mji ulikuwa umekwisha, biashara imelala, na hapa kijana mwenye miwani ananiletea sanduku la chuma lenye nyaya na kalamu ndogo inayojiandikia yenyewe. Hata wewe ungefungua mlango.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unakaa kwenye kiti. Kalumba anakubana vidole viwili kwa vibanio, chini yake amepaka dawa ya meno iliyochanganywa na chumvi, maana dawa yake ya Ulaya ilikuwa imekwisha njiani. Umeme mdogo unapita kwenye vidole, mdogo hata huusikii. Kisha anakuonyesha picha za nyuso, moja baada ya nyingine. Ukishituka, hata kama wewe mwenyewe hujui kwamba umeshituka, vidole vinatoa jasho kidogo, na kalamu inapanda kwenye karatasi. Usiposhituka, kalamu inakwenda zake tambarare.

“Mama Kadija, kinywa kinaweza kudanganya,” aliniambia akifuta miwani yake. “Ngozi haidanganye.”

Alisema Ulaya wamewakamata wengi namna hiyo. Mtu anaapa kwamba yeye anapenda binadamu wote, unamwonyesha uso wa mtu wa kabila lingine, vidole vinamchongea. Sasa yeye alitaka kuwapima watu wa Katanga mbele ya nyuso za watu wa Kasai. Nilimuuliza atafanya nini akishajua. Akasema ataandika makala. Nilimwangalia vizuri nione kama anatania, nikaona hatanii.

Hapa lazima niseme habari ya Mbombo, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na sababu ya kusimulia, ningekuwa nimeisahau mashine kama nilivyosahau mengi ya mwaka ule.

Mbombo alikuwa mkunga na mwuguzi wa mtaa wetu, na alikuwa rafiki yangu. Baba yake alitoka Kasai kufanya kazi ya reli, yeye akazaliwa hapa hapa, akasomea hapa, akazeekea hapa. Kasai aliijua kwa kusikia, kama mimi ninavyoijua Kasongo ya wazee wangu. Watoto wangu wote aliwapokea yeye. Nusu ya mtaa aliizalisha, na nusu nyingine aliidunga sindano. Komite ya vijana ilipotangaza kwamba watu wa Kasai wote waende stesheni, wanawake walikwenda kwa Ngoy, prezida wa komite hiyo, wakamuuliza akiondoka Mama Mbombo ni nani atakayewazalisha, yeye? Ngoy akawaambia suala la Mama Mbombo atalitazama.

Basi Mbombo akafunga virago nusu. Sufuria alizitia guniani, godoro akaliacha kitandani. Nguo za Jumapili ndani ya sanduku, nguo za kazi kwenye msumari. Akaendelea hivyo, akizalisha wanawake asubuhi na kuangalia gunia lake jioni, akingoja Ngoy alitazame suala. Mimi nilikuwa nikipita kwake kila siku kuhakikisha godoro bado liko kitandani. Nilikuwa naogopa. Sikuhitaji kubanwa vidole kulijua hilo.

Kuhusu picha, Kalumba alikuwa amekuja na picha za Wazungu, akaona hazifai. Alihitaji nyuso za Katanga na nyuso za Kasai. Akaenda kwa Omer, mpiga picha wetu, ambaye studio yake ilikuwa na sanduku zima la picha zisizochukuliwa. Ndivyo mambo yalivyo huku kwetu. Mtu anapigwa picha ya kitambulisho, ofisi ya vitambulisho inafungwa kabla hajairudia, picha inabaki kwa Omer inangoja serikali. Kalumba alirudi amefurahi kama mtu aliyeokota. Akazipanga mezani kwangu, mkono huu Katanga, mkono ule Kasai, akifuata majina yaliyoandikwa nyuma.

Nikamuuliza, “Ukigeuza isionekane jina, unajua nani ni nani?”

Akageuza. Akaziangalia kwa muda mrefu. Akasema tatizo hilo lina jina lake katika elimu, akaniambia jina lenyewe, nikalisahau.

Tatizo lililokuwa na jina au lisilo nalo, kubwa zaidi lilikuwa jingine. Ulaya, picha ni ya mtu usiyemjua. Katika sanduku la Omer hapakuwa na mtu wa namna hiyo. Watu walikaa kwenye kiti changu, wakabanwa vidole, wakaambiwa wanyamaze watazame nyuso, nao wakaanza kusalimia. “Ah, huyu si Mbayo, alipunguza mwili.” “Huyu aliolewa Likasi.” “Huyu ni marehemu, Mungu amrehemu.” Kalumba akiwanyamazisha, kalamu inapanda. Picha ya mwalimu mmoja wa hesabu, mtu wa Katanga kabisa, babu na babu, iliwatoa jasho watu wazima waliokuwa na wajukuu. Dada mmoja wa Kasai aliwatoa jasho wanaume fulani tu, na wake zao, waliokuwa wanachungulia mlangoni, walitaka kuiona karatasi. Nililazimika kuwatoa kwa ufagio.

Wazee waliokuwa wakitoboa mwamba kwenye machimbo, wenye mikono iliyokaza kama ngozi ya ngoma, hawakuandika kitu. Kalamu ilipita tambarare tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho. Kalumba akataka kuandika kwamba hawana chuki na mtu. Kisha mmoja wao, Kisimba, akaanza kutukana serikali, Kampuni, na komite, kwa sauti ya kupasua mabati, na kalamu bado imelala. Kalumba akaiangalia ile mikono, akafuta alichoandika, akaanza kuchagua watu wenye vidole laini. Hivyo ndivyo hisia za Kolwezi zilivyokuja kuwa hisia za makarani.

Lakini picha moja ilimshitua kila mtu. Kila mwenye vidole vya kusomeka, mwanamume, mwanamke, karani, mshonaji, akifika kwenye picha ile kalamu ilikuwa inaruka. Ilikuwa picha ya Mbombo, amevaa kofia yake nyeupe ya uuguzi, ametazama kamera kama anayetaka kuiambia ivue suruali.

Kalumba hakulala kwa furaha. Alinionyesha karatasi zake kesho yake, vilele vyote vimesimama mahali pamoja. Akasema kwa Kifaransa kwamba jambo hilo ni kubwa, kwamba halitokei kwa bahati.

“Mi nashangaa nini?” nikamwambia. “Ule mama alibadunga sindano bote. Alishika batoto babo mbele ya mama zabo. Unataka vidole binyamaze?”

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, siwezi kumnyima hilo. “Nayua, mama. Masini haichague. Muntu akipenda sana, inapanda. Akiogopa, inapanda. Jino likimuuma, inapanda. Kwa masini yote ni moja.”

Yaani alijua. Nataka hilo likae vizuri kabla sijaendelea, kwa sababu baadaye watu walisema kijana alikosea, elimu ya Ulaya haifai kwetu. Elimu ilikuwa nzima. Aliniambia mimi, muuza chumvi, bila kuulizwa mara mbili, kwamba mashine yake haiwezi kutofautisha mapenzi na hofu na jino bovu.

Mbombo alipata habari kwamba uso wake unatoa watu jasho, akaja mwenyewe kuona. Alikuwa anatoka kazini, mikono inanuka sabuni ya dawa. Akakaa kwenye kiti, akabanwa vidole, akaonyeshwa picha zote za Omer, Katanga na Kasai. Kalamu haikutikisika. Ilipita kwenye nyuso za majirani zake, za watoto aliowapokea, za watu ambao wiki ile ile walikuwa wakiimba barabarani kwamba aondoke, na ikaandika mstari ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Kalumba alipekua nyaya, akaongeza dawa ya meno, akarudia. Ule ule mstari.

“Mi nilisha kuona batu ba hii mutaa bote uchi,” Mbombo akamwambia. “Nitashituka juu ya nini?”

Tukacheka sisi watatu mpaka nikashika ukuta. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka hivyo naye, na kama ningejua ningecheka polepole.

Ngoy akaja siku moja saa nne asubuhi, na vijana wake wawili nyuma, vitambaa vyekundu kichwani. Nilimjua tangu mtoto. Wote tulimjua tangu mtoto, na huo ndio ulikuwa mzigo wake. Wakati wa vita vya mwaka sabini na nane, watu wenye bunduki walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakitafuta vijana wa kiume, Ngoy alikuwa na miaka kama kumi na mitano na alikimbilia kwenye wodi ya wazazi. Mbombo alimvua shati, akamfunga kitenge, akamlaza kitandani katikati ya wanawake, akamwekea mto tumboni, akamwambia alie. Mwenye bunduki alipochungulia, Mbombo alikuwa amemwinamia anamfokea, “Sukuma, mama, usinichezee.” Ngoy alilia kweli kweli. Yule mtu akafunga mlango.

Aliokoka. Lakini wodi ilikuwa na wanawake kumi na zaidi, na wanawake wana midomo. Kwa miaka kumi na mitano mtaa mzima ulikuwa ukimuuliza Ngoy hajambo mtoto. Alipopata kitambaa chekundu na kuitwa prezida, swali lile likakoma ghafla, na nadhani hakuna cheo alichokipenda kama kimya hicho.

Alisimama mbele ya mashine, mikono nyuma, kama mkaguzi.

“Dokta, banasema masini yako inajua roho ya batu.”

“Apana roho, prezida. Inapima activation.”

“Activation ni nini mu Swahili?”

Kalumba akafikiri. “Muntu anashituka.”

“Na batu ba hapa banashituka juu ya nani?”

Kijana wangu wa Ubelgiji akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangika. Lazima niseme pia kwamba barua ya kumruhusu kusafiri na mashine ile, kupita vizuizi vyote vya barabarani mpaka uwanja wa ndege wa Lubumbashi, ilikuwa kwenye mfuko wa shati la Ngoy, haijatiwa sahihi. Ilikuwa inachungulia.

“Kuko foto moja inapita ingine yote,” Kalumba akasema.

“Ya nani?”

“Ya Mama Mbombo.”

“Ndiyo kusema banamuogopa,” Ngoy akasema polepole.

Kalumba akajibu kwa Kifaransa, akitazama meza, kwamba mtu anaweza kusema hivyo.

“Dokta,” nikasema mimi, “umuambie ile ya jino.”

Hakunitazama. Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, aseme kwamba mapenzi na hofu na jino kwa mashine yake ni kitu kimoja. Ngoy akaniuliza mimi na mashine za Ubelgiji tunajuana tangu lini. Kalumba akafungua kinywa. Nikaona kabisa maneno yamefika kwenye meno. Akayameza, akasema suala hilo ni gumu, lina pande nyingi, linahitaji utafiti zaidi. Nimewachukia watu wachache maishani, na wengi wao walinifanyia mabaya makubwa kuliko hayo, lakini kwa dakika ile Kalumba aliwapita.

“Na ye mwenyewe mulimupima?” Ngoy akauliza.

Karatasi ya Mbombo ilikuwa pale juu. Ngoy akaiangalia, ule mstari ulionyooka, akawaonyesha wenzake. “Munaona? Anatuona, hashituke hata kidogo. Sisi ni bitu kwake. Hana roho ule mama.”

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: watu wanashituka wakimwona, basi ni mtu wa kuogopwa, yeye hashituki akiwaona, basi hana moyo. Nilijaribu kutafuta mstari ambao kalamu ingeuandika na Mbombo akabaki. Mpaka leo sijaupata.

Ingeishia hapo, ila mmoja wa wale vijana, Numbi, ambaye akili yake ilikuwa ya kucheza tu, akasema na prezida naye apimwe. Ngoy akakataa. Mwenzake akacheka kidogo, kicheko cha pua, na Ngoy akakaa kwenye kiti haraka kuliko alivyokusudia, kwa sababu anayekataa ndiye anayeogopa. Kalumba akambana vidole. Mwalimu wa hesabu, kalamu ikapanda kidogo. Dada wa Kasai, kidogo tena. Kisha picha ya Mbombo.

Kalamu iliruka mpaka kwenye ukingo wa karatasi, ikagonga chuma, ta. Hatukuwahi kuusikia mlio ule. Numbi akatazama karatasi, akatazama picha, akamtazama prezida wake. Halafu, Mungu amsamehe, akauliza kwa sauti ya upole kabisa:

“Na mutoto, anaendelea muzuri?”

Ngoy akavunja kibanio kimoja alipokuwa anakivua. Akatoa ile barua mfukoni, akaitia sahihi juu ya meza yangu, akamkabidhi Kalumba bila kumtazama. Mlangoni akasema suala la Mama Mbombo limekwisha kutazamwa.

Treni ilikuja wiki iliyofuata, mabehewa ya mizigo, milango wazi. Nilikwenda stesheni na Mbombo, nimebeba godoro kichwani. Sitaki kueleza stesheni ilivyokuwa. Waliokuwepo wanajua, na wale ambao hawakuwepo, nusu yao walikuwa wakiimba. Nitasema tu kwamba mwanamke aliyesafisha mtaa huu miaka yote alilazimika kukaa kwenye uchafu siku mbili akingoja, na aligombana na kila mtu kuhusu maji ya kunywa, na watu walichemsha maji.

Nililia. Yeye hakulia, au alilia mahali ambapo kalamu haifiki.

“Muke wa Kisimba atazaa hii mwezi,” aliniambia tukiwa tumekaa juu ya gunia la sufuria. “Mutoto amekaa mubaya. Umupeleke mapema ku hôpital, usingoje uchungu.”

Nikamwambia nitampeleka.

“Na Ngoy umuambie kitu.”

Nikakaza masikio. Nilitaka laana, nasema kweli. Nilitaka laana nzito ya kumpelekea mkononi.

“Umuambie alilia muzuri ile siku,” Mbombo akasema. “Banamuke bengi habajue kulia vile. Mi nilikuwa naogopa kuliko ye, ni ye alinipa nguvu.”

Treni ikaondoka. Niliposhindwa kuona kofia yake nikarudi nyumbani kwa mguu, na nilipofika nikakuta Kalumba amekaa katikati ya karatasi zake, uso umesinyaa. Alikuwa na barua ya kusafiria, alikuwa na mashine, lakini bado alikuwa anahesabu.

“Mama Kadija, kuko tatizo.”

Sikumuuliza. Akaniambia hata hivyo. Picha ya Mama Mbombo inaharibu kila kitu. Ni uso mmoja unaobeba tofauti yote. Ukiacha uso huo, Katanga kwa Kasai, Kasai kwa Katanga, vidole vya Kolwezi havioni tofauti yoyote. Mwalimu wa hesabu anatisha kuliko makabila yote mawili. “Kama mi naandika ukweli,” akasema, “napashwa kumutoa.”

“Balisha kumutoa,” nikamwambia. Nikaenda kupika.

Nilipomletea chakula, kwa sababu mama yake bado alikuwa mtu wangu, aliniambia angeenda kwa Ngoy kumweleza. Nikamuuliza lini. Akasema labda kabla ya kuondoka. Nikaona hata yeye haliamini neno hilo, nikaweka sahani chini.

Hakuhitaji kwenda. Ngoy alikuja mwenyewe siku chache baadaye, mchana, peke yake, kitambaa hakipo kichwani. Mke wa Kisimba alikuwa amekwisha kuzaa, hospitalini, kwa kisu, mtoto mzima, mama mzima. Mke mwingine, ambaye sitamtaja, alizaa nyumbani na mambo hayakwenda vizuri, na mtaa mzima ulikuwa kimya, kimya cha kumtazama aliyemfukuza mkunga. Ngoy hakunisalimia. Alipita dukani mpaka chumba cha nyuma, ambako Kalumba alikuwa anafunga sanduku lake, akamwambia alifungue.

“Unipime tena.”

“Ya nini, prezida?”

“Ule mama ameenda. Nataka kuona.”

Nikaelewa anachotaka. Alikuwa amefikiri kwamba kitu kile kilichopanda kilikuwa ndani ya Mbombo, na kwamba treni imekibeba. Alitaka kuona mstari wake umenyooka, na karatasi ya kuwaonyesha akina Numbi. Kalumba akafungua sanduku. Kibanio kilichovunjika alikuwa amekifunga kwa uzi. Mimi nikaunganisha betri, kwa sababu betri ni yangu na hakuna anayeigusa.

Picha ya Mbombo. Kalamu ikaruka mpaka ukingoni. Ta.

Ngoy akaitazama. “Ameenda,” akasema, kana kwamba mashine haikupata habari.

“Mwili una mazoea, prezida,” Kalumba akasema, na kwa mara ya kwanza niliona anasema kitu anachokijua kwa mtu anayemwogopa. “Kama unaona kitu mara mingi, mwili unachoka, kalamu inashuka. Ni kwa batu bote.”

“Basi rudia.”

Akarudia. Ta. Akangoja kalamu itulie, akarudia. Ta. Kalumba alikuwa anatoka jasho kuliko aliyepimwa. Akageuza picha, akaonyesha tena. Kalamu haikuchoka. Ngoy alikuwa amekaa wima, vidole viwili mezani kama vya mtoto anayekaguliwa kucha, macho hayatoki kwenye karatasi, akingoja ishuke. Sikumwonea huruma. Nilikuwa nimeihifadhi huruma yangu yote kwa mtu aliyekuwa behewani. Lakini nilimkumbuka akiwa na mto tumboni, na nikakumbuka nilikuwa na kitu chake.

“Ngoy,” nikasema. “Mbombo aliniachia neno yako.”

Akanigeukia. Nikamwambia. Kwamba alilia vizuri siku ile. Kwamba Mbombo mwenyewe alikuwa anaogopa kuliko yeye, na ni kilio chake yeye kilichompa nguvu.

Kalumba alikuwa ameiweka picha mezani, kifudifudi, hakuna aliyekuwa anaonyeshwa uso wa mtu yeyote. Kalamu ikapanda hata hivyo, ikagonga chuma, na safari hii haikurudi chini. Ilikaa pale pale ukingoni, ikaandika na kuandika, mpaka karatasi ikaisha.